Saa 94 au saa 41? Namna ya kukadiria muda wa kurenda video

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Morogoro, nachora ramani za nyumba na kutengeneza video za 3D. Nina video ya sekunde 90, fremu 25 kwa sekunde, ya nyumba ya mteja: kamera inaanzia getini, inaingia sebuleni, inapita bafu la chumba kikuu, kisha inatokea uani. Natumia programu ya Blender na injini yake ya kurenda, yaani ya kugeuza mchoro wa 3D kuwa picha, iitwayo Cycles, ukubwa wa 1920 kwa 1080. Fremu ya kwanza kwa sampuli 1,024 (miale inayorushwa kwa kila pikseli) inachukua sekunde 150. Nikizidisha napata karibu saa 94. Mteja anaitaka Jumatatu saa nne asubuhi, na nikiwasha mashine Ijumaa saa kumi na mbili jioni nina saa 64 tu. Nikajaribu sampuli 256 nikitegemea muda upungue mara nne, ikatoka sekunde 66. Kwa nini? Na nitajuaje muda wa kweli kabla sijamwahidi mtu? Rafiki yangu anasema ninunue tu kadi mpya ya picha (GPU) yaishe.

JIBU: Marahaba. Usimpigie mteja simu kwanza. Hiyo hesabu ya saa 94 ina makosa mawili, na yanavutana: moja linarefusha muda, jingine linaufupisha, wala usitegemee kwamba yatafidiana. La kwanza ni kudhani kwamba muda wote wa fremu unaliwa na sampuli. La pili ni kudhani fremu ya kwanza inazisemea zile nyingine 2,249. Tuanze na la kwanza, maana jibu lake tayari unalo mkononi, ila hujaligundua.

Una vipimo viwili: sekunde 150 kwa sampuli 1,024 na sekunde 66 kwa sampuli 256. Toa kimoja kwenye kingine. Sampuli 768 zimekugharimu sekunde 84, yaani kama sekunde 0.109 kwa kila sampuli ya picha nzima. Sasa rudi kwenye kile kipimo kidogo. Sampuli 256 mara 0.109 ni sekunde 28, lakini saa yako ilisoma 66. Sekunde 38 zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye maandalizi. Ni kama jiko la mkaa: linachukua muda uleule kukolea, upike wali wa watu wawili au wa watu kumi. Bonyeza F12 (kitufe cha kurenda) huku umeshika simu yenye saa ya kuhesabia, uangalie yale maandishi madogo ya hali ya renda. Kwa muda mrefu hutaona namba ya sampuli ikitembea. Hapo programu inapita kitu kimoja kimoja kwenye faili lako: inalainisha masofa, inazidisha majani ya bustani na miti uliyoinakili, halafu inapanga pembetatu zote ndani ya maboksi yaliyomo ndani ya maboksi, ili mwale wa mwanga usilazimike kuuliza kila pembetatu "je, nimekugonga?" Kisha inafungua picha zote za vigae, mbao na vitambaa na kuzipakia kwenye memori ya kadi. Baada ya hapo ndipo sampuli ya kwanza inapopigwa. Na sampuli zikiisha kuna mkia: kisafisha chenga, yaani kiondoa vidoti vya picha, kinapita juu ya picha, kisha picha inaandikwa kwenye diski. Kichwa na mkia huo ndizo sekunde zako 38, na hazijali kabisa kama umeweka sampuli 256 au 4,000.

Kwa hiyo muda wa fremu moja ni maandalizi, ukijumlisha na sampuli mara muda wa sampuli moja. Ukishika hivyo, maswali yako mawili yanajijibu. Ukikata sampuli nusu, ziwe 512, hupati sekunde 75. Unapata 38 na 56, yaani 94. Na rafiki yako je? Tuseme umenunua kadi yenye kasi mara mbili ya hii. Zile sekunde 112 za sampuli zitakuwa 56, lakini maandalizi kwa sehemu kubwa ni kazi ya prosesa na diski, kadi mpya haiyagusi. Unarudi palepale kwenye 94. Umelipia mara mbili, umepata mara moja na nusu na ushee. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl aliisema hoja hii kuhusu kompyuta mwaka 1967, na wauza kadi hawajawahi kuipenda.

(Ukitaka kulinganisha kadi kabla ya kununua, Blender wanachapisha alama za majaribio kwa kila kadi, zikihesabiwa kama sampuli kwa dakika. Tazama uwiano wa kadi yako na ile unayoitamani, kisha uutumie kwenye sehemu ya sampuli peke yake.)

Sasa, kabla hujagusa sampuli wala mfuko wako, shughulikia hizo 38. Kwenye mipangilio ya renda, sehemu ya utendaji, kuna kisanduku kinaitwa "Persistent Data". Kikiwa kimezimwa, Cycles inabomoa kila kitu fremu inapoisha na kukijenga upya kwa fremu inayofuata, hata kama hakuna kilichosogea. Kwenye video kama yako, nyumba imesimama tuli na kinachotembea ni kamera tu. Kukijenga kitu kilekile mara 2,250 ni upotevu mtupu. Ukiwasha kisanduku hicho, fremu ya kwanza itabaki nzito, lakini zinazofuata zitaruka sehemu kubwa ya maandalizi. Tuseme yanashuka kutoka sekunde 38 hadi 9. Hizo 29 ulizookoa, mara 2,250, ni saa 18. Saa 18 kwa kuweka tiki moja.

Zipo nyakati haisaidii hivyo. Kama una watu wanaotembea au pazia linalopeperushwa, vitu hivyo vitaandaliwa upya kila fremu. Na kwa kuwa vitu vinabaki kwenye memori, faili lililokuwa limejaza memori ya kadi hadi ukingoni linaweza kugoma. Lakini kwa video ya kutembeza kamera ndani ya jengo, sijui sababu ya kuiacha imezimwa.

Jambo moja la kuhakikisha kabla hujaamini ule mstari wa hesabu. Tangu toleo la 3.0, lililotoka Desemba 2021, Cycles huja ikiwa imewashwa kitu kinachoitwa "Noise Threshold". Kikiwa kimewashwa, ile namba ya sampuli si kiasi tena, ni dari: pikseli ya anga la bluu ikishatulia inaachwa, na nguvu inahamia kwenye pikseli ya kona ya giza chini ya meza. Ni kitu kizuri sana, ila kinavuruga hesabu ya mstari ulionyooka. Namna ya kujua ni rahisi: piga kipimo cha tatu, sampuli 512. Mstari wetu unatabiri sekunde 94. Ikitoka 93 au 96, uko salama. Ikitoka 110, ujue kuna pikseli zinazomaliza mapema, na kukata sampuli kutakuokolea kidogo kuliko unavyodhani mwanzoni. Hapo achana na mstari, tegemea vipimo vya fremu nyingi nitakavyoeleza hapa chini.

Kabla hatujaondoka kwenye sampuli: usiziogope kuzipunguza. Cycles inafanya kazi kwa kubahatisha. Inarusha miale kwa nasibu na kuchukua wastani, na chenga unazoziona ni tofauti kati ya bahati ya pikseli moja na jirani yake. Wastani wa namna hiyo unatulia kwa kipeo cha pili: ukitaka chenga zipungue nusu, lazima sampuli ziwe mara nne. Wengi wanaisoma sheria hii kama habari mbaya. Igeuze. Ukishuka kutoka 1,024 hadi 256, chenga zinaongezeka mara mbili tu, si mara nne, na kisafisha chenga cha leo kinameza tofauti hiyo bila shida mahali penye mwanga wa kutosha. Kwenye video angalia kitu kimoja: kisafishaji kinasafisha kila fremu peke yake, hivyo sampuli zikiwa chache mno utaona madoa yanacheza ukutani kutoka fremu moja hadi nyingine. Picha moja iliyosimama haitakuonyesha kasoro hiyo. Renda fremu kumi zinazofuatana za mahali pagumu, uzicheze, ndipo uamue.

Tuje kwenye kosa la pili, ambalo ndilo linalowatoa watu jasho Jumapili usiku.

Fremu yako ya kwanza iko getini. Nusu ya picha ni anga. Mwale ukienda angani umemaliza kazi. Ukigonga ukuta uliopigwa na jua, kinachoangaza ukuta ule kiko wazi, unapata jibu haraka. Sebuleni mambo ni mengine. Mwanga unaingia kupitia dirisha moja, unagonga sakafu, unaruka darini, unaruka ukutani, ndipo ufike nyuma ya sofa. Kila mruko ni hesabu nyingine. Bafuni ndiko kwenye balaa: kioo kikubwa ukutani, kioo cha bafu la kuogea, bomba la kromu, na vigae vinavyong'aa, vyote vinatazamana. Mwale unapenya kioo kimoja, unagonga kingine, unarudi tena kwenye kile cha kwanza. Nje nako kuna mitego. Majani ya mti yaliyotengenezwa kwa picha yenye sehemu zinazopitisha mwanga yanaulazimisha mwale kupenya karatasi baada ya karatasi, na kamera ikipita karibu na mti ule muda unapaa ghafla.

Hili si tatizo la wadogo peke yao. Studio ya Pixar walipotoa Toy Story mwaka 1995, sinema ya kwanza ndefu iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, walirenda fremu 114,240 kwa jumla ya saa 800,000 za mashine. Wastani ni saa saba kwa fremu. Lakini fremu nyepesi zilichukua dakika 45, na nzito zilifika saa 30. Mtu aliyepima ile ya dakika 45 na kuzidisha angepata saa zisizofika 86,000, na angekosea zaidi ya mara tisa. Wewe ulifanya hesabu yake hiyohiyo, ila kwa namba ndogo.

Dawa ni kupima fremu zilizotawanyika safari nzima, na Blender inakupa njia ya kufanya hivyo bila kupoteza hata sekunde. Karibu na mahali unapoweka fremu ya mwanzo na ya mwisho kuna namba inayoitwa "Step". Iweke 75. Programu itarenda fremu ya 1, ya 76, ya 151, na kuendelea, jumla fremu 30. Ziache zirendwe kwa mipangilio ya mwisho kabisa, ukubwa kamili, kwenye folda ileile ya kazi. Kwenye mipangilio ya picha inayotoka, zima "Overwrite". Siku ukirudisha Step kuwa 1 na kuwasha kazi yote, programu itaziruka zile 30 kwa kuwa tayari zipo. Kipimo chako kimeshakuwa sehemu ya kazi.

Muda wa kila fremu utaupata wapi? Tazama saa ambayo kila faili liliandikwa, tofauti kati ya moja na linalofuata ndiyo muda wake. Au washa maelezo ya renda kwenye metadata, muda utaandikwa ndani ya picha yenyewe. Ile namba ya muda uliobaki inayoonekana wakati wa kurenda isikudanganye. Inazungumzia fremu iliyopo jikoni, haijui lolote kuhusu video nzima.

Sijaliona faili lako, kwa hiyo nitatumia namba za kudhani zenye umbo ninalolitarajia. Tuseme umeweka sampuli 512, umewasha Persistent Data, ukapata hivi: fremu 600 za mwanzo za nje zina wastani wa sekunde 65. Sebule na korido, fremu 900, wastani 95. Bafu, fremu 400, wastani 170. Uani, fremu 350, tena 65. Zidisha kila kipande peke yake ujumlishe: sekunde 39,000, na 85,500, na 68,000, na 22,750. Jumla 215,250, karibu saa 60.

Ungetegemea fremu ya getini peke yake, sekunde 65 mara 2,250, ungepata saa 41. Ungemwambia mteja "Jumapili mchana unayo," na Jumapili mchana ungekuwa bado bafuni. Tumia wastani, siyo ile fremu ya katikati ukizipanga kwa ukubwa. Fremu chache nzito mno ndizo zinazobeba jumla, na ile ya katikati haizioni. Hapa bafu ni chini ya moja ya tano ya video lakini linakula karibu theluthi ya muda.

Na hapa ndipo wengi wanapokata pasipostahili. Ukiona bafu linakula muda, mkono unawasha kwenda kupunguza sampuli za bafu. Usifanye hivyo. Bafu ni zito kwa sababu ni gumu, na pagumu ndipo chenga zinapojaa. Ukilinyima sampuli, ndilo litakalocheza madoa, na mteja atalikodolea macho kwa sababu vigae vile amevilipia pesa nyingi. Kata nje. Fremu 950 za getini na uani zina jua la kutosha, kwa sampuli 256 hakuna atakayeona tofauti. Kila moja inashuka kutoka sekunde 65 hadi 37. Umeokoa sekunde 26,600, zaidi ya saa 7, na jumla sasa ni kama saa 52 na nusu.

Bafuni kuna mambo mengine ya kugusa kabla ya sampuli. Idadi ya miruko ya mwanga: mara nyingi namba ya jumla imeachwa 12, na kwa mambo ya ndani ya nyumba ile ya mwanga uliotawanyika, kama uliipandisha, unaweza kuishusha hadi 4 au 5 bila kugundua, ukiiacha ile ya vioo juu, la sivyo kioo kitageuka cheusi. Kioo cha bafu la kuogea kama ni bapa tu, kifanye upande mmoja mwembamba badala ya boksi lenye unene. Na zima ile mianga inayotokana na mwale kupita kwenye kioo na kuchora michirizi sakafuni, isipokuwa kama michirizi ile ndiyo unayoiuza. Kila ukigusa kimoja, pima fremu moja ya bafu tena. Usiguse vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Kuhusu kupima kwa picha ndogo ili kuokoa muda: inawezekana, mradi ukumbuke zile sehemu mbili. Ukiweka ukubwa wa asilimia 50, pikseli zinabaki robo, siyo nusu, kwa sababu umekata upana na urefu. Kwa hiyo sehemu ya sampuli inashuka hadi karibu robo, lakini ujenzi wa nyumba unabaki vilevile. Anayechukua muda wote wa picha ndogo na kuzidisha kwa nne anahesabu maandalizi mara nne. Upande wa pili, mteja akisema "nitumie ya 4K," hiyo ni 3840 kwa 2160, pikseli mara nne kamili, na saa zako 52 zinakwenda kwenye eneo la saa 190. Swali hilo liulize kabla hujataja bei.

Sasa mambo yasiyo kwenye hesabu lakini yamo kwenye chumba chako. Joto ni la kwanza. Mashine baridi inakimbia, na ikishapata moto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu ndiyo inaumia zaidi, ila hata mnara wenye vumbi kwenye chumba kisicho na hewa utapunguza. Kipimo cha dakika tano za kwanza ni cha mashine baridi. Zile fremu 30 zitachukua karibu dakika 45, na ndiyo sababu nyingine ya kuzipenda: linganisha fremu ya getini ya mwanzo na ya uani ya mwisho zenye mandhari yanayofanana. Kama ya mwisho ni nzito kwa asilimia 15 na hakuna sababu kwenye picha, sababu ni feni.

Umeme ni wa pili. Kwanza kama gharama: mashine inayovuta wati 350 kwa saa 52 inakula yuniti 18 na kidogo za LUKU. Hizo ni gharama za kazi, ziingie kwenye ankara. Pili kama hatari: usirende moja kwa moja kuwa video ya mp4. Umeme ukikatika katikati faili hilo kwa kawaida halifunguki tena, na umepoteza yote. Toa picha moja moja za PNG, ukikatika umepoteza fremu moja, ukirudi mashine inaendelea ilipoachia kwa sababu Overwrite imezimwa. Ila kuna mtego hapa. Kama uliwasha "Placeholders", programu inatengeneza faili tupu la fremu kabla ya kuirenda. Umeme ukikatika wakati huo, faili lile tupu linabaki, na ukiwasha tena programu inaliona, inasema hii ipo, inairuka. Panga folda kwa ukubwa wa faili, futa zenye baiti 0, ndipo uwashe tena. UPS ya kawaida isikupe kiburi. Chini ya mzigo wa kurenda inakupa dakika chache za kumaliza fremu na kuzima kwa adabu, siyo za kumaliza kazi.

Ukipata mashine ya pili ya kuazima, usigawe fremu nusu kwa nusu. Yenye kasi itamaliza na kukaa bure huku ya polepole ikihangaika. Kasi ndizo zinazojumlishwa. Kwa saa 52 na nusu, mashine yako inatoa kama fremu 43 kwa saa. Laptopu yenye theluthi ya kasi hiyo inatoa 14. Pamoja ni 57 kwa saa, na fremu 2,250 zinaisha kwa saa 39 na nusu. Zikiwa kwenye folda moja ya mtandao, hapo ndipo Placeholders zina kazi yake: kila mashine inaweka alama kwenye fremu inayoishika na nyingine inakwenda mbele. Hakikisha tu toleo la Blender ni lilelile kwenye zote mbili, na renda fremu moja kwenye kila mashine uzitazame zikiwa kando kwa kando kabla ya kuziachia.

Mashamba ya kurenda ya mtandaoni, yaani kompyuta nyingi za watu wengine zinazokurendea, nayo ni msaada, yapo ya kulipia na yapo ya kubadilishana nguvu kama SheepIt, lakini muda wake si wa kurenda peke yake. Faili la gigabaiti 6 kwenye intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde linachukua karibu saa mbili na dakika arobaini kufika huko, kisha fremu zote zinatakiwa zirudi, na kwenye shamba la kubadilishana kuna foleni. Kwa kazi ya Jumatatu sitakutuma huko ukiwa hujawahi kulijaribu.

Basi ahadi yenyewe. Umepata saa 52 na nusu kwenye karatasi. Mimi huongeza moja ya tano, kwa ajili ya joto, kukatika umeme mara moja, na fremu nzito ambazo zile 30 hazikuziangukia. Hiyo ni saa 63. Wewe una 64, na bado hujaunganisha picha kuwa video, hujaweka muziki, hujaitazama yote mwanzo hadi mwisho na kugundua kiti kinachoelea sentimita mbili juu ya sakafu. Kwa mashine moja, Jumatatu saa nne asubuhi siyo ahadi, ni kamari. Mwambie Jumatatu jioni. Kama hawezi kusubiri, mpe uchaguzi wa aina mbili: aazimiwe saa za mashine ya pili kwa gharama yake, au video ipunguzwe sekunde 6 za bafu. Hizo ni fremu 150 za sekunde 170, yaani saa 7 na kidogo, na kwa uzoefu wangu hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba kamera haikukaa vya kutosha bafuni.

Ijumaa jioni, kabla ya kuondoka mezani, hesabu fremu zilizotoka katika saa mbili za kwanza. Jumamosi asubuhi hesabu tena, ukilinganisha na kipande mashine ilichopo, maana getini itakwenda kasi kuliko makadirio na hiyo haina maana kwamba utawahi. Ikiwa imeshaingia sebuleni na bado iko ndani ya sekunde 95 kwa fremu, kalale. Ikiwa inasoma 120, una siku mbili za kumpigia mteja simu mapema.